Mto Guadiana Utafuata Ratiba

Jumatano, 9 Julai 1975. Vila Real de Santo António, Ureno.

Makomredi! Nyinyi wa kizazi kijacho, mtakaoikuta shajara hii ndani ya kabati la kioo la makumbusho, pokeeni salamu za mapambano! Anayewaandikia ni Teófilo Sequeira, mwanafunzi wa sheria huko Coimbra, mwaka wa tatu (kwa mara ya pili, kwa sababu za kisiasa).

Hali ilivyo. Jumapili saa kumi na moja jioni, mjini Mértola, kilomita sabini kutoka baharini, wanawake wafumaji wa ushirika mpya watapiga kura. Je, blanketi zao za sufu ziteremke kwa lori au kwa mashua? Likishinda lori, mashua za Guadiana zimekwisha, na watu wake pamoja nazo.

Wakili wa lori ni Gualter Nobre. Zamani rafiki yangu. Sasa mwenyekiti wa kamati iliyojitenga na kamati yetu ya mapinduzi. Wao wako watatu. Sisi tuko wawili, na mmoja anaumwa. Gualter atakwenda Mértola kwa pikipiki. Ana kipaza sauti. Msaliti!

Hoja yake ni moja tu: mashua haina saa. Basi nimeipa saa! Nimebuni Ratiba ya Mto, nakala mia tatu, kwa mashine yangu ya kurudufu. Kila kituo, kila siku, mwaka mzima: kuondoka saa tatu kamili asubuhi, kufika saa kumi na moja kamili jioni. Siku hiyohiyo atachaguliwa pia Katibu wa Baraza la Mto. Nani anafaa? Si kazi yangu kutaja jina. Hotuba ya kukubali ina kurasa tisa.

Mashua nimepata: ya mjane Deolinda Charneca, apandishaye chumvi kwenda Mértola tangu ujana wake. Nilimkabidhi ratiba kwa heshima zote. Akaigeuza mbele na nyuma, akauliza maji kujaa yameandikwa wapi. Nikamfafanulia kwamba maji kujaa na kupwa ni mazoea ya enzi za makabaila: leo saa hii, kesho saa ile, kwa matakwa ya mwezi ambao hakuna aliyeuchagua. Umma unastahili saa moja isiyobadilika.

“Na huo mwezi, Bwana Daktari, umeshauandikia barua?”

Kila mwanafunzi kwake ni daktari. Nitalikomesha hilo baada ya ushindi.

Alhamisi, 10 Julai.

Saa tatu kamili tuling'oa nanga. Yaani, mimi niling'oa. Deolinda alisema maji yatapwa hadi saa tano kasoro robo, akajifunika kofia ya majani usoni, akajilaza juu ya magunia ya chumvi. Nikashika makasia.

Nikapiga makasia dakika kumi. Jengo la forodha lilikuwa ubavuni. Nikapiga saa nzima. Jengo la forodha lilikuwa ubavuni. Afisa mmoja akatoka na kahawa yake, akaniuliza kwa upole kama nina chochote cha kutangaza. Nikamtangazia ratiba. Katika kunyoosha mkono saa yangu ikachomoka, ikazama. Kifo cha kishujaa!

Saa tano kasoro robo Deolinda akaamka bila kuamshwa na mtu, akachovya kidole majini, akanisogeza kwa kiwiko. Jengo la forodha likaanza kuondoka lenyewe. Jioni tulikuwa Foz de Odeleite, tunakula mkunga wa kukaanga. Nimeandika katika taarifa: “Safari ilianza kwa wakati.” Ni kweli tupu.

Jumamosi, 12 Julai. Alcoutim.

Jana sikuandika. Malengelenge.

Tumefika Alcoutim. Ng'ambo ya mto ni Sanlúcar, Hispania, karibu kiasi kwamba unasikia wakigombana kuhusu chumvi kwenye supu. Kanisa lao lina kengele kubwa. Deolinda ameniambia niipuuze: Hispania wako saa moja mbele yetu, na watoto wa hapa hujifunza kutoa moja kabla hawajajifunza kutembea. Nimemjibu kwamba Teófilo Sequeira hatapokea wakati kutoka kwa udikteta.

Gualter amepita barabara ya juu na pikipiki. Kipaza sauti chake kilisikika hadi gatini: “Lori linafika! Mto unasinzia!” Deolinda alikuwa akishona gunia. Alishona tundu lilelile mara mbili. Nikamwuliza kama hofu imemwingia. Akasema mashua hii ilikuwa ya baba yake, na kwenye lori hajaona kiti chake.

Nikamshikia gunia ashone. Jambo nadra.

Jumapili, 13 Julai. Siku ya Kura!

Asubuhi, saa tatu ya ratiba, nimeteremka gatini na hotuba kifuani. Mashua ipo. Makasia hayapo! Deolinda ameyapeleka nyumbani kwa binamu yake. Inasemekana amelala nayo. Ametuma ujumbe: maji yatageuka saa nane na nusu mchana, ndipo tutaondoka, na hadi wakati huo Bwana Daktari ale kitu.

Sikula. Nilikaa ndani ya mashua pamoja na mashine ya kurudufu na nakala mia tatu, nikahesabu saa kwa kengele.

Kengele ikalia. Saa nane na nusu! Nikatazama juu ya ngazi: hakuna mtu. Deolinda bado yuko mezani! Mimi niwaache wafumaji kwa ajili ya bakuli la supu? Alisema mwenyewe maji yanageuka saa nane na nusu. Basi mto utanibeba. Makasia ya nini? Nikafungua kamba.

Mto ulinibeba. Ulinibeba kurudi baharini.

Ilikuwa ile kengele. Ya ng'ambo. Saa saba na nusu!

Huko Laranjeiras wanawake wawili walikuwa wanafua ukingoni. Wakauliza naenda wapi. Nikajibu kwa sauti ya jukwaani: Mértola, kwenye kura!

“Mértola ni kule, mwanangu,” akasema mmoja, akinyoosha shati lililolowa kuelekea nilikotoka.

“Mwache,” akasema mwenzake. “Wasomi huzunguka dunia kwanza.”

Nikapiga maji kwa mikono. Nikapiga kwa kurasa za hotuba. Kisha mashua ikasimama. Mto wote ukasimama, kimya, kama mtu aliyesahau alichokuwa anasema. Niliwaza juu ya Deolinda gatini bila mashua, kwa kosa langu, siku hii kuliko siku zote. Macho yakaniuma. Jua kali.

Halafu kijiti kimoja kikanipita, kikielekea juu, upande wa Alcoutim. Nikakifuata. Sikufanya lolote, makomredi. Nilikaa tu.

“Umesahau nini?” wakauliza wale wafuaji.

Alcoutim nzima ilikuwa gatini, na nusu ya Sanlúcar ng'ambo. Deolinda amekaa kwenye ngazi, makasia magotini, anamalizia kipande cha tikiti. Nilianza kuomba radhi kwa mujibu wa kanuni. Akanikatiza.

“Nilijua utarudi na maji. Sogea. Kamba usiiguse.”

Tukapanda pamoja na mto. Yeye aligusa tu maji kwa kasia, hapa na pale, kama mtu anayekoroga chungu. Nikasema kwa unyonge kwamba saa kumi na moja imeshapita, kura imekwisha. Akasema nitazame mbele, kuna mawe.

Jua lilikuwa linagusa kuta za Mértola tulipofika. Gati lilijaa watu!

Bibi Perpétua, fundi mkuu wa wafumaji, alitupokea kamba. Hatukuwa tumechelewa, alisema. Saa kumi na moja hapa palikuwa matope matupu, nani angeteremka? Hapa mkutano wa mto huanza maji yakifika ngazi ya tatu. Yalikuwa yamefika ngazi ya tatu. Na Gualter? Alikuja saa kumi na moja kamili, akahutubia mbwa mmoja na nyumbu wa padri, akaondoka kwa hasira.

Kura ilikuwa fupi. Bibi Perpétua alisema lori liliahidi kuja mara mbili mwezi uliopita, na mara zote mbili likapita bila kusimama, kwa kuwa lilipata mzigo bora. Mto haujawahi kupita bila kusimama. Mashua: thelathini na moja. Lori: nne.

Katibu wa Baraza: Deolinda Charneca, kwa vifijo. Hakutoa hotuba. Alivua kitambaa cha kichwani, akayapangusa makasia taratibu, ingawa yalikuwa makavu.

Jumatatu, 14 Julai. Mértola.

Ushindi! Nimeuchambua usiku kucha, na sababu yake ni moja: ratiba.

Baraza limenipa kazi. Kila wiki nichape saa za maji kadiri Katibu atakavyonisomea. Amenisomea saba, moja kwa kila siku. Makomredi, hakuna mbili zinazofanana! Umma haustahili fujo hii. Nimezijumlisha zote, nikagawa kwa saba. Saa moja, ya haki, kwa siku zote! Nakala mia tatu zimekwisha kubandikwa.

Deolinda ameiona karatasi. Amechukua makasia, amekwenda nayo kulala.

Mkutano ujao wa Baraza la Mto: Jumapili, tarehe 20 Julai, gati la Mértola, saa tano na dakika kumi na nne asubuhi, kamili. Wajumbe wote waje kwa mashua.