Swali la Kumi Lililotangulia

Jumatatu, 2 Machi 1998. Kakuma.
Nimepata kazi! Kuwauliza wakimbizi maswali kumi ya afya. Mtaa utakaoonekana kuwa na wagonjwa wengi zaidi utapewa zahanati. Mhojaji atakayetangulia kumaliza fomu hamsini atakuwa msimamizi Lodwar: ofisi, feni, kiti chenye mikono. Mpinzani wangu Céline, muuguzi kutoka Kongo, anahoji mtaa wa pili. Leo yeye tisa, mimi tatu. Aliniuliza kama mimi, Mwalimu Lokorio, ninawahoji watu au ninakesha matanga.

Kosa ni la fomu. Swali la kumi, “Kwa jumla, afya yako ikoje?”, huja baada ya kikohozi, homa na watoto waliokufa. Kufika hapo mtu analia. Kilio huchukua nusu saa.

Jumanne, 3 Machi.
Swali la kumi nimelihamishia mwanzo. Hekima! Nieleze. Kwetu ukiulizwa “Ejok?”, yaani u mzima, hujibu “Ejok”, mzima, hata ukiwa na mkuki mgongoni. Swali hilo likitangulia huwa salamu. Mtu husema mzima. Akishasema mzima, huona haya kukiri homa. Fomu kumi na tisa kabla ya adhuhuri!

Nyaboth, mama wa Kisudani, alisema mzima, kisha akakohoa kwenye pindo la shuka. Nikamuuliza kama anakohoa. Akakunja pindo lenye damu, akasema ni vumbi tu, Mwalimu. Nikaandika: hapana.

Alhamisi, 5 Machi.
Hamsini! Céline thelathini na moja. Alichungulia fomu zangu. Papa, yaani baba, akasema, mtaa mzima hakuna mgonjwa? Sasa yale makaburi wanachimbia nani? Nikamweleza kuwa wivu ni ugonjwa ambao fomu haikuuliza.

Jumatatu, 16 Machi.
Zahanati imekwenda mtaa wa Céline. Wetu umetangazwa mzima kuliko yote! Nyaboth alijikokota hadi huko, akarudishwa: kadi yake si ya mtaa ule. Akaniomba, kwa upole, nimuulize tena. Sasa angejibu vizuri. Lakini kumuuliza upya ni kukiri kwamba niliyapanga maswali upya. Nikamweleza kuwa kilichokwisha kuandikwa hakifutwi.

Jumapili, 29 Machi. Lodwar.
Feni ipo, umeme hakuna. Barua ya Céline: Nyaboth alizikwa Ijumaa. Céline anataka maswali yarudishwe kama yalivyokuwa.

Sikula. Nilitafakari mchana kutwa, na kosa nimeliona. Swali la kikohozi lilikuwa karibu mno na salamu, likamtia aibu mama wa watu. Kesho tunaanza kuhoji Lokichar.

Swali hilo nimelifuta.