Udi wa Kumpokea Muuguzi

Jumanne, 10 Septemba
Tena wala si wivu! Nauliza tu. Mtafiti wa chuo amekuja kuwauliza wauguzi wanaionaje kazi yao. Sawa. Ndiyo akae na Tahiri wangu saa nzima, mlango umefungwa? Anaitwa Consolata. Mrefu. Ana vishimo mashavuni! Mimi mkewe, hata hina ya harusi haijanifutika, sijawahi kumuuliza lolote la zahanati. Somo yangu aliyenifunda, Bi Zuleha, alinikanya: mume akirudi mpokee kwa udi na kicheko, ya kazini yaishie kizingitini. Namfukiza kila siku. Anavyopendeza ndani ya ule moshi! Leo kaenda moja kwa moja kuoga, kakawia hata wali ukapoa. Anaosha manukato ya nani?

Jumatano, 11 Septemba
Consolata anakuja kesho kumalizia maswali, hapa hapa kwetu! Nimemwambia Tahiri nitashinda kwa Bi Zuleha. Kasema vizuri. Vizuri! Basi nitajificha jikoni, nyuma ya pazia.

Alhamisi, 12 Septemba
Nilijificha. Kuku wa jirani akaingia, akanidonoa kidole cha mguu. Nikavumilia. Consolata akauliza ni jambo gani la kazini hajamwambia mtu. Nikatega sikio. Tahiri akamtaja Nasra, yule wa kule kisimani, aliyekufa akijifungua. Damu ilikataa kukatika. Tahiri alimshika mkono. Nasra akamuuliza, "Kaka, mtoto analia?" Akamjibu analia, tena kwa nguvu. Mtoto hakuwa analia. Hakulia kabisa.

Nasra! Nilikwenda msibani kwake. Nikarudi nikamsimulia Tahiri wali wa hitima ulivyokolea nazi.

Consolata akamuuliza nyumbani humweleza nani. Akasema, "Mke wangu ni furaha tupu, dada. Nikiingia ananipokea kwa kicheko, chetezo cha udi mkononi. Nasra nitamtua wapi?"

Nililia, khanga mdomoni. Kuku akanitazama.

Ijumaa, 13 Septemba
Leo nilitaka kumwambia: mtue hapa, kwangu. Karudi, kasimama mlangoni, mabega yameanguka. Mdomo nikaufungua. Hofu ikanishika. Nikacheka! Kwa nguvu kuliko siku zote. Udi nikauzidisha mara mbili, na ubani juu yake. Macho yakamwiva mekundu, machozi yakamtoka. Kasema ni moshi. Maskini mpenzi wangu, nikampepea.

Jumapili, 15 Septemba
Tahiri yuko chumbani tangu asubuhi. Ameketi ukingoni mwa kitanda, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Nimechungulia mara kadhaa. Kanisogezea nafasi nikae. Nikamwambia pumzika, laazizi, nikarudishia mlango polepole. Nampenda mno, siwezi kumsumbua!

Lakini nimepata dawa. Consolata amepanga mtaa wa Nguvumali, na yeye ndiye anayejua kuuliza. Kabla mwezi haujaisha nitakwenda Tanga, nimpigie hodi, aniambie mume wangu ana nini.