Bibie wa Kushoto Asiguswe

Jumatatu, 6 Mei

Siku mbaya. Meneja ametukusanya karakanani na kumtambulisha fundi mpya, mwanamke mwenye miwani na laptopu. Amekuja kubadilisha mashine yangu ya kufunga sabuni. Yangu! Miaka kumi na minne nimeilea peke yangu. Ina mota saba, na kila mota ina kisanduku chake kinachoiambia izunguke lini na kwa kasi gani. Visanduku hivyo vinaongea lugha ya kampuni iliyovitengeneza, na kampuni hiyo ilishakufa. Aliyebaki anayeielewa ni mimi tu. Ndiyo maana naitwa Daktari. Ndiyo maana nilipigiwa simu hata siku ya harusi yangu, nikaenda, na bibi harusi akasubiri. Bado analitaja.

Fundi mpya anasema visanduku vipya vinafuata kiwango cha wazi. Maana yake, kisanduku cha kampuni hii kinaelewana na cha kampuni ile, na fundi yeyote aliyekisoma kiwango hicho anaweza kuvitengeneza. Yeyote! Amelitamka neno "kiwango" mara kumi na tisa. Nimehesabu. Nimempa jina: Bi Kiwango.

Majaribio ni Ijumaa. Yakifaulu, hakuna tena wa kunihitaji. Naogopa. Nimeandika, basi.

Jumanne, 7 Mei

Bi Kiwango ameniamkia shikamoo mbele ya watu. Ikabidi niitikie marahaba. Ni vigumu kumchukia mtu aliyekuamkia vizuri, lakini nimejitahidi.

Anataka vipimo vya mashine ya zamani: kila mota izunguke kiasi gani ili sabuni ikatwe, ivikwe karatasi na isukumwe mbele. Bila vipimo hivyo visanduku vyake ni mapambo tu. Nimemwambia vyote viko kichwani, na leo kichwa kinaniuma.

Uongo. Viko kwenye daftari. Ila mimi si mjinga, niliviandika kwa mafumbo. Mota ya kisu ni Bibie wa Kushoto. Ya bunda la karatasi ni Mnene. Ya mkanda wa kusukuma ni Mrembo wa Nyuma. Na wengine wanne. Kila mmoja ana namba zake. Daftari nimerudi nalo nyumbani na kulificha chini ya godoro. Hakuna atakayelitafuta huko.

Jumatano, 8 Mei

Mke wangu ameamua kuanika godoro. Leo!

Nimemkuta sebuleni, daftari liko mapajani. Akanisomea kwa sauti. Bibie wa Kushoto: asiguswe kabla hajapoa. Mnene: asubuhi aanze taratibu, baada ya chai aongezewe. Mrembo wa Nyuma: hapendi kuharakishwa, apakwe mafuta kila Jumamosi. Jumamosi huwa namwambia nina kazi za ziada. Na ni kweli!

Nimemweleza kwamba hizo ni mota. Akauliza mota gani inaitwa Mrembo. Nikasema ya mkanda. Akasema sawa, basi yeye ni friji, nisitarajie joto. Nimekula peke yangu.

Alhamisi, 9 Mei

Saa tatu asubuhi mke wangu amefika kiwandani na daftari kwenye mkoba. Anataka kuwaona hao wanawake kwa macho yake. Mlinzi amemfungulia geti bila swali, eti huyu ni shemeji. Meneja amesoma ukurasa mmoja akanitazama kwa namna ambayo hajawahi kunitazama.

Bi Kiwango akaomba alione. Akahesabu. Wanawake saba. Akageuka kuiangalia mashine. Mota saba. Akamshika mke wangu mkono, wakaanza kuzunguka wawili hao, mmoja anasoma, mwingine anagusa. Huyu wa kushoto ana moto, ndiye kisu. Huyu mnene si bunda la karatasi? Ndiye! Nusu saa haikuisha wakawa wamewapata wote. Miaka kumi na minne ya siri, na mimi nimesimama pale na spana mkononi.

Mke wangu amecheka mpaka akakalia katoni ya sabuni. Halafu akalifunga daftari. Akasema miaka kumi na miwili ya ndoa sijawahi kuandika mstari mmoja juu yake. Nilitamani ardhi ipasuke.

Vipimo vimeshaingizwa.

Ijumaa, 10 Mei

Wageni wamekuja kutoka makao makuu. Mashine imewashwa. Sabuni zimetoka zimefungwa vizuri kuliko zamani. Inauma.

Lakini nilikuwa na akiba. Nimevichunguza hivi visanduku vipya: vimeunganishwa kwa waya unaozunguka. Cha kwanza kinakinong'oneza cha pili, cha pili cha tatu, mpaka habari inarudi kwa cha kwanza. Nikafikiri: ukikata popote, vyote vinakuwa bubu. Saa nne na dakika arobaini na mbili nikainama nyuma ya mashine kama mtu anayefunga kamba ya kiatu, nikachomoa waya kati ya kisanduku cha tano na cha sita.

Nikasubiri kimya. Hakuna kimya! Sabuni zinatoka tu. Kumbe habari ikikosa njia huku inageuka na kupitia upande wa pili, hata mota hazishtuki. Na si hilo tu. Skrini kubwa mbele ya wageni ikaandika kwamba waya umechomoka, kati ya cha tano na cha sita, saa nne na dakika arobaini na mbili. Wageni wote wakatembea hadi hapo. Nilikuwa bado nimeinama. Waya mkononi.

Bi Kiwango akawahi kusema kwamba yeye ndiye aliyeniomba niuchomoe ili waone uimara wa mashine. Wakapiga makofi. Mgeni mmoja akanipa mkono, ikabidi kwanza niuhamishe waya.

Ameniokoa. Sitamsamehe.

Jumatatu, 13 Mei

Bi Kiwango ameniita pembeni. Anasema kiwango anakijua, lakini mimi nikiisikia mashine inavyoguna najua inaumwa wapi, na hilo halikuandikwa popote. Anataka tufanye kazi pamoja. Lugha mpya atanifundisha kwa miezi mitatu. Ameniomba kwa heshima, na moyo wangu umelainika, sikatai. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kukubali.

Ndipo akaongeza kwamba na wenzangu watajifunza pamoja nami. Wenzangu!

Nimekwenda kwa Meneja kuomba nihamishiwe chumba cha pampu za maji. Ameniuliza mara mbili kama nina uhakika. Mke wangu ameniuliza mara tatu, halafu akasema nina kichwa kigumu na akanipakulia chakula. Ni dalili nzuri.

Jumanne, 14 Mei

Chumba cha pampu ni kidogo, kisafi, na ni changu. Pampu mbili, swichi sita, na kila swichi ina kibandiko kinachoeleza kazi yake. Hatari hiyo nimeiona mara moja. Mtu yeyote anaweza kuingia na kusoma! Nimebandua vibandiko vyote. Kisha nikafungua boksi la swichi na kubadilisha nafasi za nyaya za ndani, mara mbili, labda tatu. Safari hii sikuandika popote.

Saa kumi na moja jioni, simu. Mlinzi anahema. Tangi limefurika, maji yameingia stoo ya sabuni, na povu limeshafika getini. Amebonyeza swichi moja, pampu ya pili nayo ikawaka. Meneja, Bi Kiwango na zamu nzima wamesimama ndani ya povu, wanauliza niko wapi.

Wananihitaji! Nimemwambia asiguse kitu, mambo haya hayaelezeki kwa simu, nakuja mwenyewe. Naandika huku navaa viatu. Mke wangu anauliza, kwani ya kuzima ni ipi? Nimemwambia nitajua nikifika.