Cheche Zilizomaliza Oksijeni

Jumatatu, 3 Machi
Kazi ya kufa mtu. Jedwali la mimenyuko ya kikemia 463, niinakili kwenye kompyuta mstari kwa mstari. Kompyuta itaigiza hewa inavyogeuka ikipigwa cheche za umeme, kila cheche kufumba na kufumbua. Miwani, karani wa meza ya pili, kapewa nakala yake. Mkuu wa maabara, mama mkali, kasema atakayewahi bila kosa ndiye ataajiriwa. Mwingine kwaheri. Miwani kaniuliza kama vyeti vyangu vinajua kuchapa. Mshenzi! Na mama mdogo keshawatangazia majirani kwamba nimeajiriwa.

Jumanne, 4 Machi
Nimegundua siri! Mistari mingine inageuza oksijeni kuwa gesi ya ozoni, mingine inaivunja. Sasa mtu atengeneze kitu, halafu akivunje, ili iweje? Ya kuvunja nimeiruka yote. Saa nane nimemaliza. Miwani bado anahangaika na wa 210. Pole yake.

Jumatano, 5 Machi
Nimekwisha. Kwenye grafu yangu oksijeni yote imegeuka ozoni. Mhandisi mmoja wa maabara kasema kwa hewa ya karani huyu, sote marehemu. Miwani kacheka hadi machozi. Mchana nimejificha chini ya meza nichomoe waya wa kompyuta, ushahidi upotee. Mkuu kanikuta. Nikasema natafuta kalamu. Kanionyesha: iko sikioni.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeitwa. Nimeingia na barua ya kuacha kazi mfukoni. Mkuu kashika grafu mbili, yangu na ya Miwani. Kauliza kama mistari ile niliitoa makusudi. Nikajibu ndiyo, mama, kwa sauti ya kifaranga. Kapiga meza! Kumbe wiki mbili anawabembeleza wahandisi wamwonyeshe ozoni ingekuwaje isipovunjika, wanampiga chenga. Nimeajiriwa! Nimeshusha pumzi ya siku nne. Ila kaniapisha: nisitoe tena mstari bila kumwambia. Nimeapa kwa mikono miwili.

Ijumaa, 7 Machi
Jedwali jipya, mistari 612. Nusu ni chembe zenye chaji chanya, nusu hasi. Shuleni tulifundishwa chanya na hasi zikikutana, jibu ni sifuri. Nimezifuta zote. Saa nne asubuhi kazi imekwisha. Mkuu nisimsumbue, ana mambo mengi. Naenda kunywa chai.