Moshi Ndani ya Ndama

Jumatatu, 8 Machi 1982

Mkaguzi anakuja Alhamisi! Barua imefika. Leseni ya kubeba abiria kutoka Isiolo kwenda mwezini ni moja tu, na tunaoitaka ni wawili: mimi, Warsame, rubani wa Ngamia Mweupe, na Abdillahi wa mtaa wa Chechelesi, ambaye chombo chake cha anga kinakohoa kuliko lori la marehemu baba. Babu alikuwa askari. Baba aliendesha lori mpaka Moyale. Mimi ndiye nibaki chini? Thubutu!

Nina silaha ya siri. Abdillahi huwapa abiria chai ya maziwa ya unga. Mimi nitawapa maziwa ya ngamia. Pa kuyaweka papo: Ndama, kile chombo kidogo kilichobanwa ubavuni mwa Ngamia Mweupe, cha watu kukimbilia ikitokea hatari huko juu. Viti sita vinakaa bure! Nimeng'oa vinne.

Jumanne, 9 Machi

Mama mkwe wangu, Asho, ndiye muuza maziwa. Ameleta vibuyu kumi na viwili mpaka Burat, tulikoegesha. Mke wangu Falis ameuliza watu watakaa wapi tukipata ajali. Nimemjibu kwamba rubani hodari hapati ajali. Amenisomea pia bango la mlangoni: Ndama akinusa moshi, hujifunga na kuruka mwenyewe. Nikamwambia hayo ni maneno ya waoga wa kiwandani.

Jumatano, 10 Machi

Balaa! Asho aliingia asubuhi kufukiza vibuyu na kuvijaza maziwa. Maziwa bila moshi hayakai, kila mtu anajua. Kila mtu isipokuwa Ndama! Asho alipotoka kuchukua kijinga kingine cha moto, mlango ukajifunga nyuma yake, king'ora kikalia, na Ndama akaruka na vibuyu vyote. Asho akasimama na kijinga mkononi, akiniuliza vibuyu vyake vinarudi saa ngapi. Mama mkwe hagombezwi. Nimemgombeza Falis.

Alasiri habari zimefika. Ndama ametua Oldonyiro, katikati ya soko la mifugo. Hakuna aliyeumia, ila mbuzi wametawanyika. Abdillahi amepita makusudi kunipa pole, akitabasamu mpaka magego yakaonekana. Nimemchukia leo kuliko jana.

Alhamisi, 11 Machi

Sikubali! Alfajiri nimefunga tangi la maji ubavuni, nikalipaka rangi nyeupe. Zuri kuliko Ndama mwenyewe.

Mkaguzi, Bi. Regina, amelizunguka mara mbili. Akauliza mfereji ni wa nini. Nikasema abiria husikia kiu. Akaniamuru niingie nimwonyeshe linavyofanya kazi. Nikaingia. Kifuniko kikakwama. Masaa matatu! Sikunyamaza hata dakika moja, nilimweleza sifa zote za chombo kutoka humo ndani. Falis anasema mkaguzi aliondoka mapema sana. Ameacha ujumbe: chombo halisi kiwepo Jumamosi saa sita mchana, la sivyo leseni ni ya Abdillahi.

Ijumaa, 12 Machi

Oldonyiro, baada ya sala. Ndama amezungushiwa miiba, na ndani wamo watoto wa mbuzi kumi na tisa wa mfugaji mmoja, mzee Umuro. Mzee akasema kitu kilichotawanya mbuzi wake sasa ni chake. Akaongeza kwamba maziwa yalikuwa matamu. Nikamwambia mimi ni mjukuu wa askari. Hakushtuka. Falis akamsalimu kwa adabu, akaomba msamaha kwa niaba yangu, akaahidi nitamjengea zizi jipya kwa mikono yangu. Tukapewa Ndama, tukampakia kwenye lori. Ningeshinda mwenyewe kama angeniachia nafasi!

Jumamosi, 13 Machi

Ndama yuko mahali pake. Saa tano na nusu. Bi. Regina yuko njiani. Falis ametangaza kwamba mtu yeyote asimkaribie Ndama na moto. Sawa kabisa. Moshi wa vibuyu ni mkali, ndio uliomtibua. Lakini mkaguzi atapokewaje bila chai? Nje kuna upepo, kwa hiyo nimeingia humu ndani ya Ndama na jiko dogo. Makaa si kijinga. Moshi wake ni kidogo tu, wa kistaarabu.

Namwona Abdillahi dirishani. Atazame! Namwona Falis pia, anakuja mbio akipunga mikono. Leo angalau amenifurahia. Mlango umejifunga wenyewe. Afadhali, vumbi lisiingie kwenye chai.