Tawi Lililonyamaza

Jumatatu, tarehe 6 Mei

Kadi saba chini ya mlango wa kibanda changu cha ufundi simu asubuhi hii. Saba! Nilidhani ni matangazo ya mganga. Kumbe kadi za Chama, zimepigwa mhuri wa tawi langu, na saini ni yangu mwenyewe, katibu. Mbili zimekatwa katikati kwa mkasi. Kinyozi huyo. Nani mwingine mtaani ana mkasi mkali vile?

Chanzo ni Sheria ya Usikivu. Tulipokuwa upinzani tuliapa kuichana. Mimi binafsi niliichana jukwaani, nakala yake, vipande vinane, watu wakapagawa. Sasa tumeingia serikalini, na Ijumaa iliyopita tumeiongezea kurasa kumi na mbili. Simu sasa inaruhusiwa kumsikiliza mwenyewe hata ikiwa imelala tu mezani, haijapigwa na mtu. Watu wamekasirika. Watu hawana subira.

Mke wangu ndiye aliyeongoza wimbo wa kuichana, kampeni nzima. Sauti ilimkauka wiki mbili, akawa anaongea kama jogoo mgonjwa. Leo jioni kaniwekea sahani tupu, kadi yake juu yake. Kasema nile hiyo.

Na Jumamosi ni mkutano wa kumteua mgombea udiwani! Mimi dhidi ya Kinyozi. Wasipofika wanachama arobaini wenye kadi, mkutano ni batili, na wilaya italeta mtu wake. Miaka kumi na moja nimengoja nafasi hii. Kumi na moja! Daftari linasema tumebaki arobaini na sita, mimi nikiwemo. Mke wangu sijamhesabu humo. Hasira zake huwa za siku mbili.

Jumanne, tarehe 7 Mei

Mpango wa kwanza: elimu. Nimepita nyumba kwa nyumba na waraka wa wilaya. Raia mwema hana la kuficha, ndivyo unavyosema. Mwalimu mstaafu alinikaribisha kwa heshima zote, akanivutia kiti, akasema vizuri sana, basi amesikia naandika shajara, nimsomee ya jana. Nikasema hiyo ni tofauti. Akauliza tofauti yake nini. Nikakumbuka nina mgonjwa wa kwenda kumwona. Mlangoni akanipa kadi yake, na ya mkewe, na ya marehemu kaka yake ambaye kumbe bado tulikuwa tunamhesabu. Akaongeza kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Walimu bwana.

Nimerudi na kadi tano. Daftari: arobaini na moja.

Saa kumi ikaingia simu kutoka wilayani. Sauti ya upole sana. Ikanipa pole kwa lile swali la shajara. Ikasema ningemjibu Mwalimu kwamba siri ya mtu na siri ya dola ni vitu viwili. Jibu zuri! Nililiandika, nikashukuru, nikakata. Ndipo nikakumbuka sijamsimulia mtu. Sebuleni kwa Mwalimu tulikuwa wawili tu. Sisi wawili, na simu yake, imelala kifudifudi juu ya kitambaa cha meza.

Kwanza nilijisikia fahari. Mitambo yetu inafanya kazi! Kisha nikaenda kufunga dirisha. Sijui kwa nini dirisha.

Jumatano, tarehe 8 Mei

Mungu hamtupi mja wake! Bibi wa nyumba ya kona kaja kibandani, simu yake kaifunga ndani ya soksi. Akaniambia mwanangu, wewe si ndiye fundi simu wetu, basi nitolee hilo sikio. Maiki, alimaanisha. Kidude kidogo kama punje.

Wazo likanijia hapohapo. Atakayebaki na kadi yake hadi Jumamosi, namtolea maiki bure! Chama kiwe na sheria yake, wanachama wawe na amani yao, mimi niwe na udiwani wangu. Kila mtu apate chake. Sijui wilaya walishindwaje kulifikiria.

Kufikia mchana foleni ilifika kwa seremala. Kinyozi naye yumo, hana haya, anachokoa meno. Nimewaeleza wote: ukishatolewa, utasikia ila hutasikika, kwenye simu utakuwa bubu. Wote wakajibu ndivyo wanavyotaka. Maiki nimezitia kwenye chupa ya jamu, arobaini kamili. Ni vyuma vilivyokufa, mimi fundi najua. Lakini nilipotaka kumteta Kinyozi kwa seremala, nilijikuta nimeivisha chupa kofia yangu.

Wa mwisho, baada ya hao arobaini, alikuwa mke wangu. Hakunisalimu. Kaweka simu mezani, kangoja kama mteja. Nikamuuliza, na kadi je, ataichukua? Akasema nifanye kazi. Nimefanya. Skrubu iliniponyoka mara mbili. Ni uchovu.

Alhamisi, tarehe 9 Mei

Nimewapigia wanachama wote kuwakumbusha mkutano. Wote wamepokea. Hakuna hata mmoja aliyesema neno.

Najua kwa nini, si mimi niliyezitoa hizo maiki! Na bado. Unasema haloo, hakuna pumzi, hakuna kikohozi, hakuna mtoto anayelia kwa nyuma. Lakini sekunde zinahesabika kwenye kioo, kwa hiyo mtu yupo. Anakusikiliza. Simu ya kumi nikaanza kujieleza. Ya ishirini nikaomba msamaha, sijui wa nini. Ya thelathini nikaungama kwamba ule mhuri wa tawi uliopotea mwaka juzi ulikuwa uvunguni kwangu. Sasa kuna mtu analijua hilo, na sitajua kamwe amelichukuliaje.

Hata hivyo, hakuna aliyekataa! Kunyamaza ni kukubali. Nimeandika "ndiyo" arobaini.

Saa sita mchana mke wangu akapiga. Kila siku hupiga saa hiyo kunituma vitu, nadhani vidole vimezoea. Nikauliza, sabuni? Kimya. Majani ya chai? Kimya. Nikataja duka zima, rafu kwa rafu. Hakukata. Na mimi sikukata. Tukakaa hivyo mpaka salio lake likaisha. Kuna jambo nilitaka kumwambia, nikakumbuka simu yangu bado ina maiki. Nimenunua kila kitu nilichotaja. Kumbe alitaka kiberiti, sikukitaja.

Mtaa mzima uko hivyo. Vyombo vinagongana majikoni, maneno hayapo. Watu wamezoea ububu hata simu zikiwa mbali. Vijana wanacheza mpira kwa ishara, bao likiingia wanainua tu mikono.

Jioni ile sauti ya upole ikapiga tena. Ikauliza kwa nini mtaa wangu umezimika. Jumanne ulisikika mpaka bawaba za milango, leo wakiusikiliza ni shimo. Nikasema watu wameridhika. Sauti ikasema walioridhika hupiga kelele. Kesho atakuja mtu.

Ijumaa, tarehe 10 Mei

Mtu amekuja. Sikumsikia akiingia. Shati limenyooka, viatu havina vumbi, na njia yetu yote ni vumbi tupu. Akaketi kwenye kiti cha wateja, akaiona chupa, akauliza ni nini. Nikasema vipuri. Akaichukua, akaitikisa taratibu karibu na sikio lake, akafumba macho. Akatabasamu kama mtu aliyesikia jina lake.

Hakunigombeza! Alisema hamna shida, mtaa hauhitaji masikio arobaini, moja zuri linatosha. Akauliza langu liko wapi. Nikasema kwenye mfuko wa shati. Akasema basi liache hapohapo, na kesho nikae karibu na watu, niwakumbatie, niwaulize habari za nyumbani. Udiwani nihesabu ni wangu. Akanipa mkono. Haukuwa na joto, haukuwa na baridi.

Nilifikiri sana, karibu dakika nzima. Wananchi wangu wanaogopa. Wanahitaji diwani wa kuwatetea. Nitawateteaje kama sijawa diwani? Nimekubali.

Nyumbani sikusema kitu. Mke wangu akautazama mfuko wa shati, kisha uso wangu, kisha mfuko tena. Akachukua watoto, wakaingia chumbani. Sasa wanaandikiana kwenye daftari la hesabu la binti yetu, nasikia penseli. Wanacheka kwa pua. Nilibisha hodi nikauliza kinachochekesha ni nini, penseli ikasimama. Baadaye kikatoka kikaratasi chini ya mlango: nikimaliza, nizime taa.

Jumamosi, tarehe 11 Mei

Wamekuja! Wote! Hata mke wangu kaja, kakaa nyuma kabisa, na kadi yake niliyoipenyeza kwenye mkoba wake kwa siri. Jumla yetu arobaini na wawili. Akidi imetimia!

Nimewakumbatia mlangoni mmoja mmoja, kifua kwa kifua, kama nilivyoagizwa. Kila mmoja alizuia pumzi mpaka nilipomwachia. Bibi wa nyumba ya kona alinipapasa mgongo kama anayempa mtu pole ya msiba.

Hotuba. Kinyozi alisimama, akatutazama dakika tatu, akakaa. Ukumbi mzima ukatikisa kichwa kumwitikia. Hiyo nayo ni sera? Mimi nilinena dakika arobaini. Barabara, maji, taa za mtaani. Nilipotania nilicheka peke yangu, na kicheko kikanirudia kutoka ukuta wa nyuma kwa kuchelewa kidogo, kama kimechekwa na mtu mwingine. Sikutania tena.

Nikauliza nani ananipinga. Kimya. Nimeandika kwenye muhtasari: bila kupingwa.

Kura zilihesabiwa na yule mtu wa wilaya. Karatasi arobaini na moja ni nyeupe. Hazina hata nukta. Moja ina alama, kwangu, na alama hiyo naifahamu, mkono ni wangu. Hata Kinyozi hakujipigia! Nimeshinda kwa asilimia mia ya kura halali. Haijawahi kutokea katika historia ya tawi!

Nikainua mikono. Wakasimama, wakaacha kadi zao kwenye viti, wakatoka kwa mstari, hakuna aliyeburuta hata mguu. Waliosema kimya kingi kina mshindo walikosea. Nilisimama pale muda mrefu, sikusikia mshindo wowote.

Jumapili, tarehe 12 Mei

Mke wangu amefunga mabegi mawili. Anakwenda na watoto kwa dada yake. Nikamwambia mke wa diwani mtarajiwa hahamahami, watu watasema. Akanisogelea karibu kabisa. Hajanisogelea hivyo tangu Jumatatu, nikajua yameisha.

Akauinamia mfuko wa shati langu. Akauambia mfuko, si mimi, kwamba waheshimiwa mlioko humo, huyu mtu amewachagua nyinyi, basi mtunzeni. Hajui kupika. Akilala na njaa huota vibaya. Sauti ile ile ya kwenye wimbo, wala haikutetemeka. Kisha akatundika mabegi mabegani, akawashika watoto mikono, akaondoka bila kuufunga mlango.

Niseme kweli, nililia. Nilimwita kwa jina mpaka njiani. Kisha nikajifuta haraka, nikarudi ndani nikafunga mlango, maana inasikika.

Saa saba mchana ukaingia ujumbe. "Mheshimiwa, tumesikia hujala." Nikausoma mara tatu. Nilipoanza ya nne, mlango ukagongwa. Nikafungua, hakuna mtu. Jua kali, njia nyeupe, vumbi halina alama ya kiatu hata moja. Kizingitini kuna sahani imefunikwa, bado inatoa moshi.

Nimekaa mezani peke yangu, viti vinne vitupu. Nikafunua. Vitunguu vimetolewa vyote, kimoja kimoja. Kwamba sili vitunguu anajua mke wangu tu, na marehemu mama. Nikageuka kutazama nyuma, nikaona ukuta.

Nimekula nikamaliza.

Halafu watu wanalalamika kwamba Chama hakiwasikii! Nimeuinamia mfuko, nikasema asanteni sana, ila kesho mpunguze mafuta.