Wakili Anataka Kufanya Kazi

Kinyozi waliyempachika jina la Redio alifika kijiweni anahema, taulo la mteja bado liko begani.

"Jamani, mji umekwisha! Wakili wetu kajiuzulu kamati zote. Timu ya mpira, bodi ya shule, usafi wa soko, kote kaaga. Anasema sasa ni ofisi na mahakama tu."

"Wakili gani?" aliuliza Dada Birika, muuza kahawa.

"Kwani tuna wangapi?"

Dada Birika alicheka hadi kahawa ikamwagika. "Masikini! Mahakamani atapajua? Asije akapotea njiani."

"Atapelekwa na mteja."

"Mteja yupi tena? Si Wakili huyu ndiye aliyemtetea shemeji yangu? Hakimu alimpunguzia faini, akasema kuwa na wakili yule ni adhabu tosha."

Fundi Cherehani hakucheka. Kesi yake ilikuwa kesho kutwa. Mwenye nyumba alitaka kumtoa kwenye chumba cha kushonea, chumba kilichowalea wanawe wote, na kwa haki mwenye nyumba alikuwa na kila sababu. Kilichomweka Fundi mle miaka yote hiyo ni kimoja tu: kesi ikiitwa, Wakili yuko kamatini, hakimu anaahirisha.

"Fundi, shangilia basi!" Redio alimpiga kikumbo. "Hatimaye umepata wakili."

"Ndiyo msiba wenyewe. Nani kamwambia aje? Akifungua mdomo tu, mimi na cherehani yangu tuko barabarani."

Ndipo Wakili akatokea, suti imenyooshwa, faili kwapani, uso wa mtu aliyekula kiapo.

"Fundi, kaka yangu, safari hii sikosi! Nitaongea mpaka wanyooshe mikono."

Fundi alimsogezea nafasi kwenye benchi. "Afadhali umekuja, mheshimiwa. Tumekuchagua mwenyekiti."

"Wa nini?"

"Wa kamati ya... ya benchi hili."

"Si unaliona linavyoyumba?" Dada Birika alidakia, akilitikisa kwa goti. "Watu wazima wataanguka hapa, na wewe upo!"

"Kamati nimeacha, dada yangu."

"Tulijua," Fundi alisema kwa upole. "Basi tutampa Redio."

Redio alitoa kifua mbele. Wakili alimtazama, akalitazama na taulo lake lililojaa nywele.

"Huyu? Awe mwenyekiti?" Alikaa. Faili likateleza chini, hakuna aliyeliokota. "Kikao cha kwanza lini?"

"Kesho kutwa asubuhi!" wakajibu kwa pamoja.

"Fundi, hiyo si siku ya kesi yako?"

"Jamii kwanza, mheshimiwa."

Wakili alimshika bega, machozi yakimlengalenga. "Laiti mji huu ungekuwa na watu kumi kama wewe!"

Wakatawanyika. Redio alikimbia, kakumbuka ana mtu kitini aliyenyolewa upande mmoja. Fundi alibaki nyuma, akainama kama anayefunga viatu, akalegeza msumari wa mguu wa pili wa benchi. Hakutaka kamati imalize kazi mapema.